Anaimba alfabeti yote lakini hasomi

Swali: Ninaishi Jinja, Uganda. Mume wangu ni dereva wa lori, anarudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Tuna watoto watatu: wa kwanza ana miaka 7, wa pili 5, na mdogo mwaka mmoja na nusu. Ni familia ya Kikristo, na nyumbani tunaongea Kiswahili. Mwaka huu tumeamua kuwafundisha wenyewe. Mkubwa alimaliza P1 (darasa la kwanza la msingi), anaimba alfabeti yote lakini hawezi kusoma hata sentensi moja. Tunaanza saa mbili asubuhi hadi saa saba, kama shule, na kila siku inaishia kwa kilio, chake au changu. Nimeanza kumpa adhabu ya kunakili mistari ya Biblia. Mama mkwe anasema nimewafungia wajukuu zake ndani. Nifanyeje?

Jibu: Dada, anza kwa kupunguza saa. Kutoka saa mbili hadi saa saba ni saa tano, na mtoto wa miaka 7 hawezi kukaa saa tano mbele ya mtu anayemtazama yeye peke yake. Shuleni anaweza, kwa sababu shuleni hafanyi kazi saa tano. Kwenye darasa la watoto 70 au 80 mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili, wanapanga foleni kusahihishiwa, wanangoja wenzao, wanaimba, wanatoka kunywa uji. Ukiondoa kungoja kote huko, kazi yenyewe inayobaki ni ndogo. Wewe huna foleni. Ratiba ya shule ikihamia sebuleni kwako inaleta uchovu wa darasa kubwa bila lile darasa lenyewe.

Kwa huyu wa miaka 7, saa moja na nusu ya masomo ya mezani inatosha, katika vipande vya dakika 15 hadi 20. Wa miaka 5 apate nusu saa tu, na sehemu kubwa yake iwe mchezo. Fanyeni hivyo siku nne kwa wiki; ya tano iwe ya soko, nitaieleza mbele. Anzeni baada ya uji na kazi za asubuhi, tuseme saa tatu, na kabla ya saa tano vitabu viwe vimefungwa. Mfuatano una nguvu kuliko saa ya ukutani: Biblia, kusoma, kutoka nje, hesabu, kuandika. Siku mdogo akiamka na homa mtaanza saa nne, lakini mfuatano ubaki uleule. Mtoto anayejua kinachofuata habishani sana.

Sasa alfabeti. Alichofundishwa mkubwa wako ni majina ya herufi, tena majina ya Kiingereza. Mpe neno *mama* atasema "em, ei, em, ei", na hapo hakuna njia ya kufika *mama* hata akikazana vipi. Ni kama mtu anayejua majina ya viungo vyote vya pilau lakini hajawahi kuwasha jiko. Wimbo una faida yake baadaye, atakapotafuta maneno kwenye kamusi. Kwa sasa uacheni.

Anza kumsomesha kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha anayoifikiria, na kwa sababu Kiswahili hakidanganyi: irabu ni tano, na kila moja ina sauti moja popote ilipo. Lakini zile irabu ndizo wimbo ulizoziharibu zaidi. Kwa Kiingereza herufi *e* inaitwa "ii", na *i* inaitwa "ai", kwa hiyo mtoto aliyeimba mwaka mzima ataona *meza* asome "miza", na ataandika *e* mahali unapotamka *i*. Hilo ndilo kosa la kwanza utakalokutana nalo, na halitokani na uvivu. Toa kadi mbili tu, *e* kama embe na *i* kama inzi, umchezeshe nazo siku tatu hadi asite kuzichanganya. Halafu ongeza *a*, *o*, *u*. Kadi zikate kwenye karatasi ya manila, kila moja upana wa kiganja cha mtoto, uandike kwa herufi ndogo. Herufi kubwa zitafika wakati wa kuandika jina lake.

Konsonanti ya kwanza iwe *m*, kwa sababu inaweza kuvutwa: mmmmm. Hapa wazazi wengi wanateleza: wanatamka "ma" au "me" wakidhani wanatamka *m*, kisha mtoto anaunganisha "me-a" na wote wawili wanachoka. Midomo ifungwe, sauti itoke puani, isifuatwe na kitu.

Somo lenyewe linakwenda hivi. Weka kadi ya *m* mezani upande wa kushoto, na ya *a* upande wa kulia, umbali wa mkono mmoja wa mtoto. Kidole chake kiwe chini ya *m*: mmmmm. Asikiinue. Akiburute juu ya meza huku sauti ikiendelea, na kikigusa *a* mdomo ufunguke: mmmmmaaa. Rudisha kidole, sogeza kadi zikaribiane, rudieni. Sogeza tena hadi kadi zigusane, na kidole kiwe hakina mahali pa kuchelewa: ma. Mara nyingi ni hapo anapoinua macho kukutazama. Usimpigie makofi mengi. Badilisha irabu, weka *e*, aende tena mwenyewe. Siku inayofuata weka *ma* mara mbili, funika ya pili kwa kiganja chako, asome ya kwanza, ondoa kiganja, asome ya pili, kisha zote bila kusimama.

*K* na *t* hazivutiki, kwa hiyo zifundishe zikiwa zimeshika irabu tayari: ka, ke, ki, ko, ku. Kisha *l*. Ukiwa na konsonanti hizo nne tu na irabu tano, mtoto tayari ana kitabu. Andika ubaoni: *Kuku amelala. Mama amelima. Kaka, lete kiti.* Ukimpa kila konsonanti siku tatu, sentensi hizo zinaweza kumfikia ndani ya wiki ya nne au ya tano. Baada ya hapo njia ni ndefu lakini tambarare: n, b, s, p, d, z, w, y, h, j, f, g, v. Kisha zile za herufi mbili kama ch, sh, ny, na ng' ya ng'ombe iliyo mbali na ng ya ngoma. Mwisho mafungu kama mb, nd, nj, mw, kw.

*R* nimeiacha makusudi. Mko Jinja, watoto wanacheza na wenzao wanaoongea Lusoga na Luganda, na katika Luganda *l* na *r* hazitenganishi maana: *r* huja baada ya *e* na *i*, na *l* kwingine. Mtoto anayesikia hivyo kutwa nzima ataandika *kula* akikusudia *kura*, na sikio lake halitamwambia kitu. Usimcheke. Mfundishe *r* miezi miwili hivi baada ya *l*, kwa maneno pacha: kula na kura, Luka na ruka. Taja moja, yeye aruke akisikia *r*, akae akisikia *l*.

Mambo mawili yanaharibu somo zuri. La kwanza ni picha. Mtoto mjanja anatazama mchoro wa kuku na kusema "kuku" bila kugusa herufi. Funika picha hadi asome. La pili ni wewe kuendelea kwa kuwa mambo yanakwenda vizuri. Dakika 15 zikiisha, simamisha, hata kama anaomba. Mkitaka, rudieni jioni dakika 10. Na akikosea mara tatu mfululizo, umeruka hatua: rudi kwenye silabi aliyoiweza jana. Ikiwa miezi minne imepita kwa utaratibu huu na *m* na *a* bado hazishikani, simama nyuma yake hatua tano, nong'ona maneno kama *kiti*, *kuku*, *sita*, *shika*, na umsikilize anavyorudia. Akichanganya *s* na *sh*, au akikaribisha kitabu hadi puani, mpeleke apimwe masikio na macho kabla ya kumlaumu.

Wa miaka 5 usimwekee kadi bado. Mpe sauti kwa mdomo mkiwa mnamenya matoke: "Nimeona kitu kinachoanza na sss." Apige makofi kwa kila silabi: ka-la-mu tatu, su-fu-ri-a nne. Umtege kwa *mto*. Ni makofi mawili, kwa sababu *m* hapo inasimama peke yake kama silabi, na watoto wanaligundua jambo hili kwa furaha ambayo watu wazima wameshaisahau.

Kuandika nitapita haraka. Penseli iwe fupi, urefu wa kidole, kwa sababu fupi haishikiki kwa ngumi. Fundisha pamoja herufi zinazoanza kwa mkunjo mmoja: c, o, a, d, g. *B* ifuate wiki tatu baadaye, ikianza kwa mstari wa kushuka. Zikifundishwa wiki moja, *b* na *d* zitachanganyika. Kuzigeuza mara mojamoja ni kawaida hadi karibu miaka 7 au 8. Anayetumia mkono wa kushoto mwache nao, ila kichwa cha karatasi kilale upande wa kulia badala ya kushoto. Mistari mitano mizuri inashinda ukurasa mzima uliochokwa.

Hesabu haianzi na daftari. Kata njiti 100 za ufagio wa chelewa, kila moja urefu wa kidole cha kati, na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vya kufungia. Kila njiti kumi ni fungu. Hapa Kiswahili kinakubeba tena: *kumi na nne* inasema yenyewe kwamba ni fungu moja na njiti nne, wakati mtoto anayejifunza kwa Kiingereza anahangaika miezi kutofautisha 14 na 40 kwa sikio.

Chukua 32 kutoa 15, hesabu inayowaliza wengi P2. Mezani kuna mafungu matatu na njiti mbili. "Nipe tano." Anazo mbili za nje. Mwache atazame. Asipopata, usimwambie neno "kopa". Muulize njiti nyingine ziko wapi. Atafungua fungu moja, na sasa ana mafungu mawili na njiti 12. Anatoa tano, zinabaki saba. Anatoa fungu moja, linabaki moja. Kumi na saba. Afanye hivyo kwa mikono wiki mbili nzima kabla ya kumwonyesha jinsi ya kuandika ile 1 ndogo juu ya tarakimu. Watoto wanaokatiza hatua hii ndio wanaoandika 23, kwa sababu wametoa 2 kwenye 5 badala ya 5 kwenye 2: waliambiwa ndogo hutolewa kwenye kubwa, wakatii.

Siku ya tano ni ya soko. Mpe noti ya 5,000: mafungu mawili ya nyanya ya 1,000 kila moja, vitunguu vya 500, chenji ngapi? Aseme kabla muuzaji hajahesabu. Nyumbani, mwambie akisie chupa ngapi za nusu lita zitajaza jerikeni ya lita 20. Atasema kumi. Amwage mwenyewe, na kwa kila chupa aweke njiti kando. Zikifika 40 mafungu yatakuwa manne, na somo la vipimo na la makumi yatakuwa yamekwisha kwa pamoja. Maji yakitumika kufulia, hakuna kilichopotea.

Saa inachanganya watoto wetu kuliko wazazi wanavyodhani. Mkono mfupi uko kwenye 7, nasi tunasema saa moja. Usimpe maelezo ya mawio na machweo kwanza. Mwonyeshe kwamba jibu liko upande wa pili wa saa: mkono mfupi ukiwa kwenye 7, vuka katikati, unakuta 1, ukiwa kwenye 9, vuka, unakuta 3. Weka rula juu ya uso wa saa aone. Kwa Kiingereza asome pale mkono ulipo, kwa Kiswahili asome pale mkia wake ungefika.

Tuje kwenye Biblia, na nitasema wazi: acha leo ile adhabu ya kunakili mistari. Inamfundisha mambo mawili kwa mpigo, kwamba kuandika ni mateso na kwamba Neno la Mungu ndilo linaloletwa mama akikasirika. Maagizo ya Kumbukumbu la Torati 6 ni ya kuyanena maneno hayo uketipo nyumbani na utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Hayo ni mazungumzo ya siku nzima, kwa sauti ya kawaida.

Dakika 15 za asubuhi zitumie kwa hadithi moja. Soma mistari 8 hadi 12, funga kitabu, useme "Niambie." Kisha nyamaza. Wa miaka 7 asimulie kwanza, wa miaka 5 aongeze alichosahau mwenzake, na ataongeza, hawa wadogo hawakosi. Usisahihishe katikati. Usimalize kila siku kwa "tunajifunza nini?", maana baada ya wiki mbili watajibu "kutii wazazi" hata kwa hadithi ya safina. Anza na Mwanzo, mkae muda mrefu na Yusufu, mfuate Musa, Ruthu, Daudi, kisha Injili ya Luka. Ibrahimu na Isaka katika Mwanzo 22 isomwe kwa kikao kimoja hadi kondoo anapoonekana. Ukikatiza kwenye mstari wa 10, kisu kikiwa juu, mtoto wa miaka 5 atalala na hofu ya baba yake.

Hadithi nyingine huchezwa. Mwanamke wa Luka 15 alikuwa na sarafu kumi, akapoteza moja, akawasha taa, akafagia nyumba. Mpe mkubwa sarafu kumi za shilingi 100, ficha moja chini ya mkeka, zima taa, wasake kwa tochi na ufagio. Wakiipata waite jirani kama yule mama alivyoita majirani zake. (Unaweza kuficha tatu waseme zilizobaki ni ngapi, lakini usigeuze kila mfano wa Yesu kuwa hesabu. Wanashtukia.)

Kwa kukariri, Zaburi 23 ina mistari 6, basi ni wiki 6. Andika mstari wote ubaoni Jumatatu, kila siku futeni sehemu ya maneno, anayefuta awe mtoto. Ijumaa ubao ni mtupu nao wanasoma ubao mtupu.

Kuhusu nidhamu, tenganisha makosa mawili. Kukosea 32 kutoa 15 ni kosa la kazi, na dawa yake ni njiti. Kumrushia mdogo wake njiti usoni ni kosa la tabia. Kwa la kwanza asiguswe wala asifokewe kamwe: wewe ndiye mama, mwalimu, na msomaji wa Biblia kwa pamoja, na hofu ya hesabu ya saa nne asubuhi itakuwepo bado usiku mnapoomba. Kwa la pili, simamisha somo papo hapo, aokote njiti zote, amwombe mwenzake msamaha kwa kutaja alichofanya, na apoteze kitu kinachohusiana na kosa, mfano kukaa meza moja na wenzake asubuhi ile. Adhabu iishe siku hiyohiyo. Watu watakutajia Mithali na fimbo. Wakumbushe pia Waefeso 6:4, ambayo inawaambia wazazi, akina baba wakitajwa kwa jina, wasiwachokoze watoto wao.

Vilio vingine vinatoka kwa huyu mdogo. Mtengee kikapu kinachotoka wakati wa masomo tu: vikombe vya plastiki, sufuria ndogo, mwiko, vitambaa vya kitenge. Kikionekana mchana kutwa, hakina nguvu tena. Wakubwa wahudumie kwa zamu, mmoja acheze naye wakati mwingine anasoma. Maharage na vizibo vya soda usiache vikae chini. Mtoto wa umri huo husukuma harage puani, nalo likipata unyevu linavimba. Likitokea, usichokoe kwa njiti wala kibano, maana linaingia ndani zaidi; mpeleke kituo cha afya.

Kiingereza kisisubiri, lakini kisianze kwa kusoma. Shule nyingi za mjini zinafundisha kwa Kiingereza tangu nasari, na hata pale mtaala wa P1 hadi P3 unapotumia lugha ya eneo, P4 ndiyo daraja la kuhamia Kiingereza. Tenga dakika 15 kila siku mchana, ziwe za maongezi ya vitendo: kufua, kupika, kuvaa, sentensi zilezile wiki nzima. Kusoma Kiingereza kuje akishasoma ukurasa wa Kiswahili bila kuburuta kidole. Atasoma *name* kama "na-me", na ni sawa. Mwambie lugha hii ina tabia zake. Ana akiba tayari: sauti ya *th* ya thelathini ndiyo inayoanza *thin*, na *dh* ya dhahabu ndiyo inayoanza *this*. Wengi hawaambiwi hivyo, wanaishia kusema "sin" na "zis".

Mume wako naye ni mwalimu, ila hamjampa somo. Chora kwenye manila mstari wa barabara: Mombasa, Nairobi, Malaba, Tororo, Bugiri, Iganga, Jinja, Kampala. Kila akipiga simu watoto waulize yuko wapi, kunanyesha au jua, amebeba nini, na wasogeze kizibo kwenye ramani. Mvua, mizigo, mpaka na forodha vyote vinaingia hapo, na mada za mtaala wa madarasa ya chini kama hali ya hewa na usafiri zinajifundisha. Akirudi, asiwafanyie mtihani mlangoni. Wamsimulie hadithi ya Biblia ya wiki. Hapo nanyi mko hatua chache kutoka mto Naili. Nendeni mkaangalie maji yanaelekea upande gani, na mtoto ataelewa ramani kuliko kwa picha. Bwawa la Nalubaale limekuwa likizalisha umeme hapo tangu 1954, nalo ni jibu la swali ambalo watoto huuliza mapema: umeme unatoka wapi?

Mama mkwe ana sehemu ya haki. Watoto wa masomo ya nyumbani wakikosa wenzao, wanakuwa hodari wa kuongea na wakubwa na dhaifu wa kugombania mpira. Wakati wenzao wanaporudi shule, kuanzia saa kumi jioni, wako wawe nje. Shule ya Jumapili wasiikose. Yeye mwenyewe usimshawishi kwa maneno, mpe kazi: Alhamisi ni siku ya bibi, vitendawili na hadithi. "Nyumba yangu haina mlango", na mtoto akiwaza hadi yai, huo ni mchezo wa akili ambao karatasi ya mazoezi haiwezi. Baada ya miezi miwili atakuwa akiwaambia wengine kwamba anawafundisha wajukuu zake, na umwache aseme.

Mwisho kuna upande wa serikali, ambao wazazi wengi wanaukumbuka mtoto akifika P6. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inaifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima kuanzia miaka 6, kwa miaka 7, na Katiba katika ibara ya 34 inaiweka mabegani mwa serikali na wazazi. Kwa hiyo uwe tayari kuonyesha kwamba watoto wanasoma. Nenda ofisi ya elimu ya jiji, jitambulishe, ueleze mnachofanya, uulize wanataka nini kutoka kwako, na ubaki na nakala ya barua. PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, hufanywa kwa Kiingereza: Kiingereza, Hisabati, Sayansi, na Maarifa ya Jamii pamoja na Dini. Mtahiniwa husajiliwa kupitia shule yenye namba ya kituo cha UNEB (baraza la mitihani la taifa), hivyo hata mkiendelea nyumbani, tafuta mapema shule itakayokubali kumpokea. Mkipanga kumrudisha, mwanzo wa P4, muhula wa kwanza mwezi wa pili, ni afadhali kuliko katikati ya mwaka, kwa sababu katika shule zinazohamia Kiingereza hapo, darasa zima linapambana nacho na yeye hatakuwa mgeni peke yake. Shule nyingi humpa anayehamia jaribio fupi la kusoma na hesabu. Mwalimu mkuu atataka pia kuona kazi. Weka daftari moja la kila somo kwa kila muhula, tarehe juu ya kila ukurasa, makosa yasifutwe, na uyatunze kwenye bahasha moja na ripoti yake ya P1, cheti cha kuzaliwa cha NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili) na kadi ya chanjo.